Kwa sahibu yangu wa Wete, juu ya kupita gari

Fuoni, Unguja

Sahibu yangu,

Assalaam alaykum. Sie huku wazima. Bi Mkubwa goti bado linamsumbua, lakini anakwenda, na watoto wamefunga skuli kwa hivyo nyumba haina raha. Habari ya honda yako, hiyo pikipiki, niliipata kwa watu kabla hujaniambia mwenyewe. Hongera, Mungu akupe kheri nayo.

Juzi kwenye simu uliniuliza, mtu hujuaje kwamba sasa anaweza kuipita gari iliyo mbele yake. Uliuliza ukiwa na haraka, nami sikutaka kukujibu kwa haraka. Ndiyo maana nakuandikia.

Wengi wetu hujiuliza: je, kuna kitu kinakuja? Wakiona hakuna, wanatoka. Mie hilo silitaki. Najiuliza hivi: barabara ninayoiona kwa macho yangu, inanitosha? Hapo Pemba ndipo utakapoielewa tofauti yake, maana njia yenu ya Chake kwenda Mkoani ni vilima juu ya vilima. Unapanda, mbele yako kuna mita 60 za lami, gari huioni. Hujaona barabara tupu hapo. Umeona mita 60, basi. Yaliyo nyuma ya kilele hayajakuambia kitu.

Sasa tupige hesabu, maana hapa ndipo watu wanapojidanganya. Chukua lori la mchanga linakwenda kilomita 40 kwa saa, na weye unataka kulipita kwa 60. Unalizidi kwa 20 tu, yaani kama mita 5 na nusu kila sekunde. Urefu wa lori, na nafasi uliyoiacha nyuma yake, na nafasi unayoihitaji mbele yake kabla hujarudi upande wako, tuseme vyote ni mita 30. Utatumia sekunde 5 na ushei. Kwa muda huo honda yako imeshakwenda mita 90. Na gari inayokuja kwa kasi ya 80 nayo imekwenda mita 120. Jumla mita 210, na hapo ndio kwanza unaingia upande wako na yeye keshafika puani. Mie nataka 300 kwenda mbele, kama viwanja vitatu vya mpira vilivyopangwa mfululizo. Nikiwa sizioni, sitoki.

Sasa badilisha kitu kimoja tu: lori liende 50 badala ya 40. Weye bado 60. Kulipita kunakuchukua karibu sekunde 11. Umekwenda mita 180, yule anayekuja 240. Umeona? Gari inayokaribiana nawe kwa mwendo ndiyo mbaya kuipita, na ndiyo hasa inayotutia hamu, maana tunahisi tunaiweza. Mtu wa namna hiyo mwache aende zake.

Jengine ni pale unapokaa kabla ya kutoka. Vijana wa bodaboda huku wana tabia ya kuliganda lori mpaka wanakula moshi wake, halafu wanachomoza kichwa kulia, wanarudi, wanachomoza tena. Ukiwa karibu hivyo, bodi la lori ndiyo barabara yako yote. Rudi nyuma. Rudi mpaka uvione vioo vyake vya pembeni, kwani usipoviona na yeye hakuoni. Ukiwa nyuma, kona ikikata kulia unaangalia mbele kupitia ubavu wa kulia wa lori. Ikikata kushoto, sogea kushoto kidogo, uchungulie ubavu wa kushoto, utaona lami ambayo aliyeliganda haioni kabisa. Na faida nyengine: una pa kuanzia. Unashusha gia, unavuta mafuta ukiwa bado upande wako, unaangalia tena. Pakiwa sawa, unatoka tayari una mwendo. Pasipokuwa sawa, unaachia mafuta na unabaki nyuma, hakuna aliyejua kama ulikuwa na nia. Anayeanza kuvuta mafuta akiwa keshaingia upande wa wenzake, huyo amechelewa.

Na usisahau mzigo. Ukiwa peke yako, honda ya 125 inakuitikia. Mpakie shemegi nyuma na polo la mchele mbele, tena mlimani, utakuwa kama unamwomba mtu mkaidi. Mlimani na mzigo mie sipiti kitu isipokuwa baiskeli na gari ya ng'ombe.

Gari ya ng'ombe nayo ina yake. Yenyewe ni nyepesi kuipita. Tatizo ni ikiwa upande wa pili. Wewe unaona upande wako mweupe, unaanza kulipita lori. Kumbe huko mbele kuna gari ya ng'ombe imebeba makuti, na nyuma yake ipo gari ndogo inayotaka kuikwepa. Dereva yule akitoka anaingia kwako. Kwa hiyo usitazame gari zinazokuja tu, tazama na kitakachozifanya zitoke: daladala iliyosimama kushusha watu, mashimo, na huko kwenu msimu wa karafuu, yale majamvi yaliyoanikwa kandokando ya lami na watoto waliokaa juu yake.

Kuna hawa wa mbele yako. Lori likipunguza mwendo bila sababu unayoiona, sababu ipo, weye tu hujaiona. Mara nyingi anataka kukata kulia kuingia njia ya shamba, na taa yake ya indiketa ama mbovu ama imejaa tope. Ukimpita hapo, anakugeukia juu yako. Ndiyo maana penye njia panda au kichochoro chochote kulia sipiti, hata pakiwa peupe mpaka baharini. Daladala kadhalika: konda akigonga bodi, inajitupa kushoto, na kabla hujamaliza kuipita abiria keshachomoza mbele ya pua yake kuvuka barabara.

Halafu wapo madereva wa malori wanaokupa ishara kwa indiketa. Mmoja akiwasha kushoto ana maana pita, mwengine ana maana anasimama. Mmoja akiwasha kulia anakuzuia, mwengine anakata kona. Tena hata yule anayekuruhusu kwa nia njema, anapima kwa lori lake na macho yake. Nashukuru kwa mkono, kisha naangalia mwenyewe.

Ukiwa nyuma ya mwenzio wa pikipiki naye akatoka kupita, usimfuate. Ile nafasi aliipimia yeye. Weye unaipata baada ya sekunde tatu nne kuliwa, na mgongo wake umekuziba usione mbele. Vijana wanaorudi Paje jioni hufanya hivi kwa mkururo, wanne watano, na wa mwisho huwa anapita kwa imani tu.

Hiyo njia ya Paje nayo ina jua lake. Jioni ukirudi mjini kupitia Kitogani na Tunguu, jua linakuchoma machoni, na gari isiyowasha taa inakuja kutoka ndani ya mwanga ule usiione mpaka iko karibu. Ukiwa unakwenda Paje saa hizo hizo, jua liko mgongoni kwako, unaona kila kitu vizuri, unafurahi. Lakini anayekuja mbele yako ndiye anayechomwa. Haoni mtu kwenye pikipiki. Na hata bila jua, pikipiki ni kitu chembamba, dereva akikuona anadhani uko mbali kuliko ulivyo. Washa taa mchana kutwa.

Jozani msituni, kwenye matuta yaliyowekwa kwa ajili ya kima punju, huko hata sikuelezi. Gari zinafunga breki, wageni wa skuta za kukodi wanasimama popote kupiga picha. Kaa kwenye foleni.

Najua utakachoniambia: mtu ana haraka. Ramadhani baada ya alasiri kila mmoja anakimbilia futari, na abiria wako nyuma anakupigapiga bega, "mpite huyo!" Haya, umebakiwa na kilomita 3. Nyuma ya lori la 40 utafika kwa dakika 4 na nusu. Ukilipita ukaenda 60, dakika 3. Tende zitakusubiri dakika moja na nusu. Na abiria asiyeona mbele hana kauli kwenye jambo hili, hata akiwa mkweo.

Usiku ni kitabu chengine. Taa moja inayokuja yaweza kuwa pikipiki, yaweza kuwa gari iliyoungua taa ya upande, na umbali wake huujui. Mie usiku nikikuta lori namfuata taratibu mpaka mmoja wetu afike kwake.

Sasa la haraka: ulisema aliyekuuzia kakupa honda haina kioo cha kulia. Hicho kanunue wiki hii, maana aliye nyuma yako naye huenda keshatoka kukupita wakati weye unajitayarisha kutoka. Na ukiwa nacho bado geuza shingo, kioo kinaficha.

Idi inshallah nakuja, nitashuka Mkoani. Uje kunipokea, lakini uwe na helmeti ya pili. Mie sipandi nyuma kichwa wazi. Msalimie shemegi na wazee wote.

Ni mie mwenzako wa Fuoni