Mhariri, zile namba za siri zinatoka wapi?

Mhariri naomba kanafasi. Mmeandika vizuri kwamba tuweke neno la siri refu na tusimtajie mtu zile namba sita zinazokuja kwa meseji, sawa kabisa, ila hamkugusa hizo namba zinapatikanaje, na mimi hapo ndo roho inaniuma.

Kompyuta yenyewe haijui kubahatisha. Ikitaka kutengeneza ufunguo wa siri, au hizo namba sita, lazima iokoteze vitu visivyotabirika, mara unavyobonyeza kibodi, mara disiki inavyochelewa kujibu, ndo ivichanganye. Ukiinyima bado itakupa namba ndefu tu ya kutisha, kumbe na mwingine anaweza kuitoa hiyohiyo.

Debian, wale wanaotengeneza mfumo endeshi wa bure wa kompyuta na seva, yaliwakuta. Mwaka 2006 aliyekuwa anaitunza OpenSSL, programu ya kutengeneza funguo za siri, upande wao alitoa mistari miwili kwa sababu programu ya kukagua makosa ilikuwa inailalamikia, na hakuwa na nia mbaya jamani, hata aliuliza kwanza, kumbe ndo ametoa njia ya kuingizia ule mchanganyiko wote, ikabaki namba ya prosesi peke yake, ile kompyuta inayoipa kila programu inayofanya kazi, ambayo kwa kawaida haizidi 32,768. Yaani ufunguo wa biti 2048 unaoambiwa haukisiwi milele, mtu anatengeneza funguo zote zinazowezekana kwenye mashine yake anakaa anajaribu mmoja mmoja mpaka mlango ufunguke. Ubuntu nayo, mfumo uliojengwa juu ya Debian, ikaurithi ugonjwa, na seva ngapi zinatumia Ubuntu! Luciano Bello, mmoja wa watu wa Debian, aligundua, ikatangazwa Mei 2008, karibu miaka miwili, na muda wote huo kila kitu kinafunga na kufungua vizuri, hakuna aliyehisi kitu. Halafu kusasisha programu peke yake hakukutosha, funguo za zamani zilibaki mbovu vilevile, ilibidi zitupwe zitengenezwe upya.

Sasa msione ni mambo ya zamani. Mwaka jana niliombwa kukagua mfumo wa chama kimoja cha akiba na mikopo nikakuta zile namba sita zinatokana na saa ya seva, kwa sekunde, basi. Ukijua dakika mtu aliyoomba, unabaki na namba 60 tu za kujaribu. Kijana aliyeandika akaniambia mbona kaka zinabadilika kila mara, nikamtolea namba za asubuhi nzima mbele yake, akanyamaza. Simlaumu, chuoni alionyeshwa random, moduli ya kutoa namba kwenye lugha ya programu ya Python, akaambiwa ndo hiyo, hakuna aliyemwambia kuna moduli inaitwa secrets ya kazi kama hizi, inayochukua namba kwenye mfumo endeshi wenyewe. Tulibadilisha mistari mitatu, nusu saa haikufika.

Kwa hiyo mhariri, mtumeni mwandishi wenu akawaulize wanaotushikia hela kwa simu, hizo namba mnazitoaje na nani wa nje amewahi kuzikagua, na majibu myachape tuyasome wote.

Fundi wa seva, Morogoro