Salamu za Shukrani kwa Majirani, Ndugu na Marafiki wa Marehemu Mama Yetu

Sisi watoto, wakwe na wajukuu wa marehemu tunatoa shukrani za dhati kwa wote mliosimama nasi tangu mama alipolala kitandani hadi tulipomsindikiza. Si rahisi kumtaja kila mmoja, na baadhi yenu mmekataa kabisa kutajwa. Basi tunashukuru kazi badala ya majina, tukieleza na namna kila kazi ilivyofanyika, ili nyumba itakayofikwa kesho isianze kwa kubahatisha.

Wa kwanza ni waliopanga zamu. Mahali penye nyumba chache watu hawawezi kukesha wote kila usiku. Wakijaribu, wiki ya pili wauguzaji nao wanaugua. Usiku uligawanywa mara tatu: saa 2 hadi saa 6, saa 6 hadi saa 9, saa 9 hadi kumekucha. Anayetoka haondoki mpaka amkabidhi anayeingia daftari, tena kando ya kitanda, si mlangoni. Daftari lilikuwa na safu tano: saa, dawa na kiasi chake, alichokunywa, mkojo, na upande aliolazwa.

Safu hiyo ya mwisho wengi huiona ya ziada, kumbe ndiyo yenye kazi kubwa. Mgonjwa asiyejiweza hugeuzwa takriban kila baada ya saa 2, kwa sababu ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na godoro hukosa damu, na ikikosa muda mrefu hufa. Kidonda huanzia kwenye visigino, nyonga na chini ya mgongo. Dalili ya mapema ni doa lisilofifia ukilibonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu: tafuta sehemu iliyokolea rangi kuliko pembeni yake, kisha ipapase uone kama ina joto au imekuwa ngumu. Na mgonjwa haburutwi. Shuka iliyokunjwa mara mbili hutandikwa chini yake kuanzia mabegani hadi mapajani, watu wawili wakashika huku na huku, wakamnyanyua kwa pamoja. Mto nao huwekwa chini ya mashavu ya miguu, visigino vikabaki hewani. Mliojifunza haya na kuyafanya usiku wa manane, Mungu awajaze pale mlipopunguza.

Kuhusu dawa, panapokuwa na wauguzaji wengi hatari kubwa ni kurudia kuliko kusahau. Huyu kampa, yule hajui, naye anampa tena. Mlikuwa mnaweka alama baada ya mama kumeza, kamwe si kabla, maana kidonge kinaweza kutemwa dakika moja baadaye.

Kamati ya michango, tunawashukuru kwa ukali wenu. Ahadi ziliandikwa ukurasa wake na taslimu ukurasa wake. Anayezichanganya hujikuta ameagiza vitu kwa fedha ambazo bado ziko mifukoni mwa watu. Namba ya kupokelea ilikuwa moja tu. Hata hivyo palitokea utata, kwa kuwa ujumbe wa muamala huonyesha jina la mwenye laini, na aliyetuma kwa simu ya mwanawe hakuonekana kabisa kwenye orodha. Tunawaomba radhi wote ambao mchango wao ulichelewa kutambuliwa kwa sababu hiyo; dawa yake ni mtumaji kuandika jina lake kwa ujumbe wa kawaida siku hiyohiyo. Fedha zilihesabiwa na wawili, wa tatu akaandika, na jioni ikasomwa jumla pamoja na matumizi. Jumla peke yake. Kumsomea kila mtu kiasi chake hadharani humkimbiza mwenye kidogo, naye huenda ndiye aliyekesha zamu nyingi kuliko wote.

Aliyetusimamia katika nyaraka alituonya tusiharakishe kuifunga laini ya simu ya marehemu, kwa kuwa baadhi ya taarifa za akaunti zake hupitia hapo. Alituonya pia kwamba kutoa fedha kwa namba ya siri ya marehemu ni jambo la kugombanisha ndugu. Hilo husubiri msimamizi wa mirathi. Nakala za cheti cha kifo toeni kadhaa kwa mpigo. Kila ofisi hutaka yake.

Shukrani tulizoziweka akiba ni za waliokuja wiki ya tatu. Siku za mwanzo nyumba hufurika, chakula kinaharibika kwa wingi wake. Kisha viti hurudishwa, na kimya kinaanza. Kuna walioandika majina yao kwenye kalenda mapema, kila mmoja na siku yake, mpaka mwisho wa mwezi wa pili. Hawakusema "ukihitaji chochote niambie", kauli njema ambayo humwachia mfiwa kazi ya kutafuta cha kuomba. Walisema, "Jumanne saa 4 nakuja kufua, nguo ziweke karibu na mlango." Mtu wa hivyo hata kukataliwa ni vigumu.

Daftari la zamu, kurasa za mama zikiwa zimetolewa, liko kwa katibu wa kamati, na yeyote anaweza kunakili mpangilio wake.

La mwisho ni vyombo. Vilivyokuwa na alama ya rangi chini ya kitako vimerudi kwa wenyewe. Visivyo na alama bado vipo kwetu: masufuria matatu, ndoo mbili za bluu zinazofanana, na mfuniko mmoja ambao haukai kwenye sufuria lolote kati ya hayo. Wenyewe tunaomba mvifuate jioni yoyote baada ya saa 11.