Kesho Barbados: ufukwe wa Brownes

Habari za jioni wapendwa. Meli inatia nanga Bridgetown kesho asubuhi, hivyo mpango ni huu:

1. Tukutane saa 3:00 asubuhi nje ya geti la bandari. Tunapanda teksi hadi Brownes, kwenye ghuba ya Carlisle.
2. Mchango ni dola 15 za Marekani kila mtu: teksi, viti na miavuli. Nipeni leo usiku wakati wa chakula. Ufukwe wenyewe ni wa umma, hakuna kiingilio. Chenji mtarudishiwa ya Barbados. Dola yao 2 ni sawa na 1 ya Marekani.
3. Nguo za mabakamabaka ya jeshi ni marufuku kisheria, hata kaptula ya mtoto. Mama Zuhura, ile kofia ya mjukuu ibaki chumbani tafadhali.
4. Mti wenye alama nyekundu shinani msiukaribie. Vitunda vyake vya kijani vinafanana na tufaha dogo lakini ni sumu, na mvua ikinyesha maji yanayodondoka kwenye majani yanababua ngozi.

Kurudi ni saa 9:00 alasiri kamili. Meli haimsubiri mtu.

Anayekuja aandike "nipo" na idadi ya watoto kabla ya saa 3 usiku, niagize teksi za kutosha.