Barua ya malalamiko: changarawe yenye makali iliyouzwa kuwa salama kwa samaki wa chini

Forest Mpya,
Mbeya.
12 Agosti 2024

Meneja Mauzo,
Kampuni ya Vifaa vya Matangi ya Samaki,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU CHANGARAWE YA BLUU YA TANGI LA SAMAKI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi Mei niliagiza kwenu changarawe ya bluu kwa ajili ya tangi la lita 200 lililopo mapokezi ya nyumba ya wageni ninayoiendesha hapa Mbeya. Kabla ya kulipa nilimweleza muuzaji wenu kwamba tangi ni la Corydoras, wale kambare wadogo wa Amerika Kusini wanaoshinda chini. Akanijibu kwa ujumbe ambao ninao hadi leo: "Haina shida bosi, hii inafaa samaki wote." Maneno hayohayo mmeyachapa kwenye mfuko.

Haifai samaki wote. Hii ni kokoto iliyopondwa, ikachekechwa, ikapakwa rangi (na rangi yenyewe ilibaki kwenye ndoo nilipoiosha). Nimepitisha juu yake soksi ya nailoni, ikachomoka nyuzi. Sasa mfikirieni Corydoras. Yeye hushusha uso chini, akapapasa kwa sharubu, akachota mchanga mdomoni na kuutolea kwenye matamvua huku akibakiza chakula. Akipewa mchanga laini wa punje za mviringo zisizozidi milimita moja, ataifanya kazi hiyo kutwa nzima bila kudhurika. Kwenye changarawe yenu anachambua mchele uliochanganywa na vipande vya chupa.

Kufikia Julai sharubu zao zilikuwa zimelika, nyingine zimebaki vishina, na midomo imekuwa myekundu. Wawili wamekufa.

Nilipopiga simu, huduma kwa wateja walianza kwa kulaumu baridi ya Mbeya. Baridi hiyo tunaijua sisi tunaolala nayo. Tangi lina hita na kipimajoto kinasoma nyuzi 24. Wakahamia kwenye uchafu: sharubu huoza kwa sababu mteja habadilishi maji. Ni kweli kwamba uchafu wa chini huleta bakteria wanaokula sharubu, hilo silipingi. Lakini amonia, sumu inayotokana na uchafu wa samaki, nimeipima na haionekani kabisa, na maji hubadilishwa kila wiki. Zaidi ya hapo, ninalo tangi la pili lenye mchanga wa mto uliochekechwa na kuoshwa hadi maji yakatoka meupe. Samaki wake nilinunua pamoja na hawa, wanakula chakula kilekile, maji ni ya bomba lilelile. Sharubu zao ni nzima.

Na hata tukishikilia hoja ya uchafu, bado inarudi kwenu. Punje zenu ni kubwa kiasi kwamba chakula hudumbukia katikati, mahali ambapo samaki hafiki, kikaozea humo. Juu ya mchanga chakula hubaki wazi na huliwa.

Kuna jambo jingine ambalo muuzaji hakulitaja. Nilidondoshea siki kwenye changarawe kavu, ikatoa mapovu. Maana yake kuna chokaa, ambayo huyeyuka polepole na kuongeza ugumu wa maji, yaani madini yaliyomo. pH (kipimo cha uasidi na ualkali) ya tangi hilo imepanda kutoka 7 hadi 8, na la mchanga limebaki palepale. Samaki aina ya mbuna wa Ziwa Nyasa wasingejali, maji ya kwao ni ya alkali. Corydoras wametoka kwenye mito ambayo maji yake kwa kawaida ni laini, yenye madini machache. Kwa hiyo hayo maneno "samaki wote" hayasimami hata kwa mbuna na Corydoras peke yao.

Changarawe nimeshaitoa yote, na samaki waliobaki wako kwenye mchanga. Sharubu zinaweza kuota tena ikiwa shina halijaharibika. Kwa baadhi yao sioni dalili.

Ninaomba mnirudishie bei yote ya changarawe, nauli ya basi niliyolipia mzigo, na thamani ya samaki wawili waliokufa. Jibu la simu kwamba "mfuko ukifunguliwa haurudishwi" silikubali, kwa sababu makali na chokaa havionekani mfuko ukiwa umefungwa. Ninaomba pia muyaondoe maneno hayo kwenye mifuko iliyobaki dukani na kuandika wazi kwamba haifai samaki wanaochimba au kupapasa chini. Wakala wenu wa Iringa anaiuza kwa maelezo yaleyale; naye apewe taarifa.

Nitasubiri jibu la maandishi kwa siku 14. Lisipofika, nitaupeleka ujumbe wa muuzaji wenu pamoja na mfuko kwenye Tume ya Ushindani, kwani Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Changarawe yenu nimeikausha na kuifunga. Mtumeni mtu aichukue kwa gharama zenu.

Wenu,

Mteja,
Forest Mpya, Mbeya.

Viambatisho: nakala ya risiti, nakala ya ujumbe wa muuzaji, picha za samaki wa matangi yote mawili.