Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya: mkaa wetu urudi udongoni

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Salaam. Kwa umri wewe ni mwanangu, kwa cheo ni mkubwa wangu, na nilikuwa nimeamua kunyamaza mpaka mavuno yapite. Jumanne iliyopita nilishindwa. Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa nakwenda kwenye majaruba yangu, nikakuta lori limesimama uwanja wa matanuri ya mradi wa kaboni, yanakochomwa pumba za mpunga wetu kuwa mkaa wa kufukia mashambani, vijana wanapakia viroba. Nikamuuliza dereva mzigo unakwenda wapi. Akanijibu vizuri tu, maana yeye hakuona la kuficha: "Dar, mama. Kwenye kiwanda cha mkaa mbadala." Kiroba kimoja kilikuwa kimepasuka na mkaa wa pumba umemwagika topeni. Nilichota kiganja kimoja nikafunga kwenye pindo la khanga. Ninao mpaka sasa ninapoandika.

Mheshimiwa, mkaa ule haukuwa wa jikoni. Wewe mwenyewe ulisimama chini ya mwembe wa shule, mbele ya mkutano mkuu wa kijiji, ukatuahidi mambo matatu. Kila kiroba kitapimwa mbele ya kamati yetu. Mkaa wote utarudi kwenye mashamba yetu. Atakayeumia atasikilizwa. Niliyaandika siku ileile nyuma ya daftari la mjukuu wangu. Tulipiga makofi, na mimi nilipiga. Tulikwishasikia vijiji vya Wilaya ya Tanganyika kule Katavi vimejenga madarasa na zahanati kwa fedha za kaboni, yaani malipo ya kutunza misitu inayoshika hewa ukaa, tukasema na sisi bondeni zamu yetu imefika.

Na jambo lenyewe ni la kweli. Nalisema wazi ili mtu asije akasema mama huyu anapinga maendeleo. Mtaalamu aliyekuja kutufundisha alitueleza vizuri nikaelewa. Mpunga unavuta hewa ukaa kwa majani yake msimu mzima. Gunia la kilo 100 likipita mashineni linaacha pumba karibu kilo 20, na pumba zile zikioza au zikichomwa, hewa ile inarudi juu yote. Lakini ukizichoma kwa kuzinyima hewa zikawa mkaa, karibu nusu ya kaboni inabaki ndani, na ukiufukia mkaa huo udongoni inakaa miaka mamia. Kule Amazoni upo udongo mweusi ambao wenyeji waliutia mkaa kabla Wazungu hawajafika, na mkaa wake ungalimo. Kila kilo moja ya kaboni iliyolala ardhini ni sawa na kilo 3.67 za hewa ukaa ambazo hazikurudi angani.

Mimi mwenyewe nilijaribu. Viroba vinne vya mwanzo nilivyopewa nilivichanganya na samadi, nikaviacha wiki tatu, nikavitia kwenye jaruba la juu, lile lenye mchanga ambalo maji hayakai. Msimu ule jaruba lile halikupasuka ardhi hata jua lilipokaza, na miche ilisimama sawa na ya majaruba ya chini. Ndiyo maana naumia. Ningekuwa sijaona kwa macho yangu, ningenyamaza.

Sasa mkaa huo ukipelekwa Dar ukafinyangwa kuwa mkaa mbadala ukawashwa jikoni, ile nusu iliyobaki nayo inapaa. Hakuna kilichofukiwa. Lakini fomu tulizosaini zinasema umefukiwa kwenye mashamba yetu, majina yetu yapo na dole gumba zetu zipo, na kwa fomu hizo mtu anauza hati za kaboni kwa wenye viwanda vya mbali ili nao waendelee kutoa moshi wao. Mkaa mmoja unauzwa mara mbili, mara ya kwanza kwa karatasi na mara ya pili kwa kilo. Na moshi wa yule aliyenunua hati uko juu pale pale, pamoja na wa jiko la Dar.

Kwa nini imekuwa hivi, sina ushahidi, nina dhana yangu tu. Tangu Serikali ilipozitaka taasisi zinazolisha watu wengi ziache kuni na mkaa, kuanzia Januari 2024, mkaa mbadala umepata wateja, na nadhani mtu ameona viroba vyetu vina bei huko kuliko shambani kwangu. Katazo lile siligombi, ni jema. Lakini mkaa mbadala wanaweza kuutengeneza kwa vitu vingine na wakausema hivyo, si kwa mkaa uliokwisha kuandikiwa kwamba umelala ardhini.

Matanuri nayo yalikuwa ya kuchoma moshi wake wenyewe. Wiki za kwanza hukuona kitu juu ya bomba, hewa inacheza tu kama juu ya lami mchana. Kisha ule mfuniko wa ndani uliungua na hakuna aliyeurudisha. Siku hizi linatoka wingu la manjano, zito, linalala juu ya nyumba zetu mpaka jua lichomoze. Mjukuu wangu anakohoa usiku kucha, na mimi kifua kinanibana. Mtaalamu yuleyule alitufundisha kwamba moshi wa namna hiyo una methani, ambayo kwa miaka 100 inapasha joto dunia mara 28 hivi kuliko hewa ukaa ya uzito uleule. Sasa tanuri likitoa methani asubuhi na mkaa wake ukachomwa jioni, hewa imepunguzwa wapi? Nauliza kwa heshima, maana ofisi yako ndiyo iliyotuambia inapungua.

Halafu kuna pumba zenyewe. Zilizokuwa zinaoza nyuma ya mashine wazichukue, hiyo ni faida tupu. Lakini hapa kwetu nyingi hazikuwa zinaoza. Mwanangu anachoma matofali, na tanuru lake lilikuwa linaiva kwa pumba. Alikuwa anabeba bure, siku hizi gunia ni shilingi 1,500 na mara nyingi anaambiwa zimekwisha. Amerudi kwenye kuni, na wenzake wote wamerudi. Juzi nimehesabu baiskeli kumi na moja zinashuka mlimani asubuhi moja, zimebeba miyombo na mitundu. Nilipolipeleka hilo ofisini nikajibiwa kwamba kuni nazo ni nishati ya mimea, moshi wake hauhesabiwi kuwa unaongeza hewa ukaa, miti itaota tena.

Itaota lini? Pumba nitazipata tena msimu ujao. Jirani zetu wa Kilosa walipopanga kuvuna mkaa kwa utaratibu katika misitu ya vijiji, waligawa vitalu kwa mzunguko wa miaka 24. Mti uliokatwa juzi utarudisha hewa yake nikiwa nimeshazikwa, tena ukiachwa uote. Hata huko Uingereza, kituo cha umeme cha Drax kinachoma vidonge vya mbao vilivyovushwa bahari kutoka Marekani, na kwenye hesabu moshi wa bomba lake unaandikwa sifuri kwa sababu mti unapaswa kuhesabiwa kule ulikokatwa. Kwetu nani anauhesabu? Mtendaji hana hata daftari la kuni.

Mheshimiwa, mizani iliyoahidiwa haikuja. Kamati haijaitwa tangu masika. Mimi nimekuja ofisini kwako mara tatu. Mara ya kwanza uko ziarani, mara ya pili kikaoni, mara ya tatu niliambiwa niandike barua. Niliandika, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, nakala ninayo. Nauli ya kwenda na kurudi ni ya mbolea yangu.

Kanuni za biashara ya kaboni zipo tangu 2022. Kituo cha taifa cha kufuatilia kaboni kipo SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, mkoani kwetu hapahapa. Waiteni waje wapime tanuri, wahesabu viroba, waingie mashambani wauone huo mkaa uliofukiwa. Jaruba langu la juu nitawafungulia mwenyewe na jembe nitashika.

Lakini kabla ya hayo yote, Mheshimiwa, lisimamishe lori. Dereva alisema linarudi Jumanne hii. Viroba vimepangwa uwanjani chini ya turubai la bluu, jana jioni nilivihesabu vikawa 140. Simu yako moja kwa mtendaji inatosha. Vishushwe, vigawiwe, viingie udongoni kabla ya mvua. Ukishindwa mengine yote, naomba hilo moja. Jumanne saa kumi na moja alfajiri nitakuwa pale uwanjani, na hicho kiganja cha mkaa nitakuja nacho.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mkulima wa mpunga, bonde la Kilombero