Salamu za Idi kwa Tuliopita Jengo la Forodha

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Kwa walimu wangu walio hai, kwa wanafunzi wenzangu wa Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi, chuo chetu cha taarabu pale Forodha ya zamani, popote mlipo, Unguja, Pemba, Dar es Salaam, Muscat na huko kwenye baridi, na kwa jamaa wote watakaozisoma salamu hizi: Idi Mubarak. Mwenyezi Mungu atutakabalie funga zetu na sala zetu, awarehemu waliotutangulia, awaponye wagonjwa wetu, na atufikishe Ramadhani nyengine tukiwa wazima pamoja na watoto wetu na wazee wetu. Amin.

Mwezi huu tumeufunga kwa shida. Futari tumeipika kwa hesabu. Nazi, ambayo sisi tulikua tukiiomba kwa jirani bila ya kuona haya, sasa inanunuliwa moja na kukamuliwa mpaka tui linageuka maji. Juzi sokoni Darajani nilimwona mama mmoja kashika kanzu ya mtoto, kauliza bei, kairejesha, kazunguka, karudi tena palepale kuishika. Hakuinunua. Nimekuja nayo nyumbani ile sura yake, na hata sasa ninapoandika kuomba Mungu atupe Idi ya furaha, ninamuona yeye.

Kwetu sisi wa ala, ugumu una mlango wake mwengine. Kanuni, ile ala inayolazwa mapajani, ina nyuzi zaidi ya 70, tatu tatu kwa kila sauti, na zote zinatoka nje. Mpigaji anayelipwa kwa usiku mmoja hotelini atazipata wapi? Mwaka huu hoteli moja ya pwani ilituita, tukapiga usiku mbili, na mpaka leo tumelipwa usiku mmoja. Tumesema tusubiri Ramadhani ipite ndipo tukadai, maana si vizuri kugombana na saumu. Basi imepita.

Lakini salamu zangu leo ni za kumkumbuka Maalim wetu wa udi, ile ala ya nyuzi mfano wa gitaa, aliyefariki mwezi wa Rajabu. Jina lake sitaliandika. Alikuwa hapendi kutajwa, na nyinyi mliokaa mbele yake mnamjua. Kila mwaka, siku za mwisho za Shaabani, alikuwa akitukusanya kila mtu na udi wake, tunakaa chini kwenye mkeka, naye anapita mmoja mmoja. "Legezeni nyuzi," anasema, "nazo zifunge." Basi tunalegeza, tunatia mifukoni, tunatundika, na hatugusi tena mpaka mwezi uandame. Ndiyo maana usiku wa Idi kwetu una sauti yake: kabla ya pilau, kabla ya nguo mpya, kuna nyuzi zinazokazwa upya katika kila nyumba ya mpigaji, na zinakataa kukaa, na unazikaza tena.

Mwaka huu hakuna aliyetukusanya.

Nimekuwa nikiwaza sana jinsi elimu hii inavyopita mkono kwa mkono. Hatukuianzisha sisi. Klabu ya taarabu ya Nadi Ikhwan Safaa ipo tangu 1905, Culture Musical Club tangu 1958. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa mwanzo, alitoka Fumba akiuza vyungu, na mwaka 1928 akafika Bombay kurikodi santuri. Bi Kidude hakukalishwa darasani na mtu. Utotoni alimsikiliza Siti akiimba, akaishika sauti ile, akaibeba mpaka dunia ikampa tuzo ya WOMEX, maonyesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, na mpaka alipotuaga tarehe 17 Aprili 2013. Zamani ilikuwa hivyo. Elimu inapita njiani, na wewe uwe na bahati ya kusimama karibu.

Chuo kilipofunguliwa mwaka 2002, pale kwenye jengo la Forodha ya zamani, Mizingani, kikaweka kiti. Hilo ndilo jambo kubwa kwangu, kuliko vyeti na wageni waliokuja kutupiga picha. Mtoto wa mitaa ya Ng'ambo asiyekuwa na mjomba katika klabu yoyote alipanda ngazi zile akaambiwa kaa hapa, shika risha ya kupigia nyuzi hivi. Madirisha yalikuwa yanaangalia bandari. Boti ikipiga honi, Maalim ananyamaza mpaka imalize, kisha anaendelea na bayati, moja ya makam, yaani njia za sauti, palepale alipoiacha.

Na mtoto wa kike akakaa pia. Wakubwa wanakumbuka: mwanamke wa taarabu alikuwa wa kuimba, na ala ni za wanaume, ingawa walikuwepo wachache waliothubutu. Leo Amina Omar, ambaye wengi mnamwita Siti Amina, anaimba huku udi u mapajani mwake. Rahma Ameir ana fidla yake. Gora Mohamed Gora ameikalia kanuni kama mzee wa miaka 70. Siti and the Band, bendi yao, ilitoka katika madarasa yale, na imewasimamisha watu Ngome Kongwe. Katika walimu, nani atamsahau Mohamed Issa Matona, mtoto wa mwanataarabu Issa Matona? Fidla, udi, kanuni, yote anayo, na alikuwa anakufundisha kama kwamba yeye ana wakati wote wa dunia. Hawa ndio ninaowaombea kila nikisimama, pamoja na wale ambao majina yao hayakuandikwa kwenye bango lolote: waliopiga dumbaki nyuma, waliokuja kufundisha kwa miguu wakati nauli haikuwepo.

Maana nyakati hizo zilikuja. Mwaka 2019 wafadhili walipokatika, chuo kilikaribia kufunga milango. Kisha ukaja ugonjwa wa korona, watalii wakatoweka, na hoteli zikazima taa. Na Desemba 2020, siku ya tarehe 25, Beit al Ajaib, Jumba la Maajabu, ikaanguka, hatua chache tu kutoka pale tulipokuwa tukisoma. Nilisimama mbali nikiangalia vumbi. Nyumba ile haikuanguka siku ile. Ilianza kuanguka siku ya kwanza mtu alipouona ufa akapita.

Sasa nikwambieni lililo moyoni mwangu, kisha nirejee kwenye salamu. Kumi la mwisho, mjane wa Maalim alinipigia simu. "Mwanangu, njoo uuchukue udi wa babako, hapa wajukuu watauvunja." Nikenda. Tukautoa kwenye mfuko. Kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi kilikuwa kimeng'oka, kimeondoka na ganda la mbao. Nyuzi zilikuwa zimekazwa vilevile tangu siku aliyopelekwa hospitali, Rajabu nzima, Shaabani nzima, na joto hili. Nilikuwa nimefika nyumba ile arubaini yake, nikala hitima, nikauona mfuko umetundikwa ukutani, juu ya kichwa changu. Haikunijia. Mimi niliyelegeza nyuzi mbele yake miaka kumi na moja. Bibi hakunilaumu kwa neno hata moja, na ndilo lililonitia uchungu zaidi.

Ndugu zangu, tusingoje hitima. Mwalimu akiwa hai mpelekee kilo ya sukari, mkae naye, mrikodi anachokipiga, muulize makam hii aliipata kwa nani. Tukishakusanyika na kanzu nyeupe kumsifu, yeye hasikii. Nyinyi mliopata majina, mnaopanda ndege, nakuombeni kwa heshima: kila mmoja wetu amshike mtoto mmoja. Mmoja tu, wa mtaani kwake, bila malipo, kwa mwaka. Vijana mnaotengeneza nyimbo kwenye kompyuta, sikukatazeni, lakini jifunzeni kwanza makam za rasti na hijazi kwa sikio, msije mkaiambia mashine kitu msichokijua. Wazazi, binti akitaka fidla msimcheke. Najua wapo wenye rai yao juu ya ala, na wengine ni watu wangu wa damu. Sigombani na mtu katika siku tukufu. Nasema tu kwamba Maalim yule alitufundisha adabu, subira, na kumsikiliza mwenzako kabla hujapiga lako, na mtu aliyefunzwa hayo hupungua ukali hata nyumbani kwake. Tusameheane pia. Klabu na klabu, waliogombana kwa ajili ya tunzo za usiku mmoja, peaneni mikono leo. Mwezi umeandama kwetu sote.

Nawatakieni Sikukuu njema yenye heri, amani na baraka. Wenye safari wafike salama, wenye madeni wafunguliwe njia, wenye maiti wapewe subira, na watoto wapate mkono wa Idi, japo mdogo. Kullu aam wa antum bikheir.

Idi pili, baada ya Alasiri, tunakusanyika kwa mjane wa Maalim. Njooni na udi zenu, na mwenye nazi aje nayo, Bibi amesema atapika. Udi wa Maalim utakuwepo, upo juu ya kabati. Fundi ametia gundi usiku wa ishirini na saba na amesema usikazwe kabla ya kutimia mwezi mzima tangu siku ile, kwa hivyo mwaka huu tutautazama tu.