Barua kwa Mwanangu: Riwaya Niliyokunyang'anya

Mwanangu mpendwa,

Natumaini barua hii itakukuta u mzima. Mimi namshukuru Mungu, afya ipo.

Unaikumbuka ile riwaya niliyokunyang'anya ulipokuwa na miaka kumi na mitatu? Nilikukuta umejikunyata nayo usiku, nikakuambia hizo ni hadithi za uongo, na kwamba mtoto wa nyumba ya sala husoma Neno la Mungu. Hukunijibu. Ulinikabidhi kitabu kwa mikono miwili, na ile mikono miwili inanisumbua mpaka leo. Nilidhani nilikitupa. Wiki chache baada ya kumzika mama yako, nikipanga vitu vyake, nilikikuta chini kabisa ya sanduku lake, kimeviringishwa kitambaa, na ule ukurasa ulioukunja ungali umekunjwa. Alikiokota asiniambie.

Siku ile sikukifungua. Niliona haya. Lakini ndicho kilichoniingiza katika mwaka huu wa kusoma, na nataka kukueleza nilivyoupitia.

Nilianza na vitabu nilivyovizoea, vile vya ibada na faraja. Waombolezaji waliniletea vingi, nami nawashukuru. Ila karibu vyote vilikuwa na haraka. Ukurasa wa kwanza mtu analia, wa tatu amekwisha kucheka. Mimi nilikuwa bado kwenye ukurasa wa kwanza. Nikavifunga, nikarudi kwenye Zaburi, na humo nikakutana upya na ya 88, ambayo kwa miaka yote niliipita mbio. Zaburi nyingi za kilio hugeuka mwishoni zikawa sifa. Hii haigeuki. Inaanza kwa kilio na inaishia gizani, na bado imo katika Biblia, na bado ni sala. Niliisoma kila usiku kwa muda wa mwezi mzima.

Baadaye nikasoma kitabu kidogo alichoandika C. S. Lewis baada ya mkewe kufariki mwaka 1960. Alikitoa mwaka uliofuata kwa jina la kubuni. Mtu huyu alikuwa ameitetea imani mbele ya maelfu ya watu, lakini humo anaungama kwamba alipomwendea Mungu kwa shida yake alihisi mlango unafungwa usoni pake, na makomeo yanasukumwa kwa ndani. Mwanangu, nililia. Hakuna mahubiri yaliyonifariji kama maungamo yale.

Nikaenda kwa Agostino, askofu na mwalimu wa kale wa Kanisa, nikitafuta, nakiri, mtu wa kuniunga mkono kuhusu hadithi. Na kweli, mwanzoni mwa Maungamo yake anajilaumu kwamba utotoni alimlilia Dido, malkia wa kwenye utenzi wa Virgil, mshairi wa Kirumi, aliyejiua kwa ajili ya mapenzi, huku haililii roho yake mwenyewe iliyokuwa mbali na Mungu. Nikasema, haya, sikukosea. Nikaendelea kusoma. Akanisimulia jinsi alivyoiba mapea na wenzake akiwa na miaka kumi na sita, bila njaa yoyote, kwa kupenda wizi wenyewe. Akanisimulia kifo cha rafiki yake, jinsi kila alichokitazama kilivyokuwa kifo, na nyumba ya baba yake ikawa mateso kwake. Niliposoma hapo nikaitazama nyumba yetu. Yule yule aliyejuta machozi ya Dido alikuwa amenitoa machozi kwa kusimulia. Nikakosa pa kujificha.

Ushairi ulinifundisha kwenda taratibu. Nilikuwa nasoma Maandiko kama mtu anayetafuta ufunguo uliopotea: napata aya, naondoka. Shairi halikubali hivyo. Niliusoma kwa sauti Utenzi wa Mwana Kupona, beti zake za mistari minne, mizani nane kila mstari, na kile kina cha mwisho kinachorudi ubeti hadi ubeti kama hatua za mtu anayetembea na mtoto. Mwana Kupona, mama Mwislamu, aliutunga mwaka 1858, akiwa mgonjwa, kumwachia binti yake wosia. Si kila alichomwagiza ningekuagiza wewe. Lakini anavyomwita mwanawe asogee karibu, hapo sikuweza kupita bila kusimama. Mama yako hakupata nafasi hiyo, na mimi ninayo.

Kuna na shairi la George Herbert, mchungaji aliyefariki mwaka 1633. Upendo unamkaribisha mgeni, mgeni anarudi nyuma kwa aibu ya vumbi na dhambi zake, anatoa udhuru mmoja baada ya mwingine, hata mwishowe anakaa na kula. Mistari kumi na minane tu. Nimehubiriwa neema maisha yangu yote, ila sikuwahi kuiona ikinivutia kiti.

Riwaya ndizo nilizozichelewesha mpaka mwisho. Nilianza na Gilead ya Marilynne Robinson, iliyotoka mwaka 2004, kwa sababu nzima ni barua: mchungaji mzee John Ames, moyo wake unaugua, anamwandikia mwanawe ambaye hajatimiza hata miaka saba. Nilidhani nitasoma wosia mtakatifu. Kumbe yule mzee ana mtu anayemwona mgumu kumsamehe, mtoto wa rafiki yake mkubwa, aliyepewa hata jina lake, na kurasa nyingi anahangaika na hilo bila kujipamba. Anapokuja kumwekea mkono na kumbariki wakati mtu huyo anaondoka, nilikiweka kitabu chini nikatoka nje kidogo. Msamaha nimeufundisha mara nyingi. Sikuwa nimewahi kukaa ndani ya mtu anayeutafuta.

Nikamkumbuka nabii Nathani. Alipotumwa kwa Daudi hakuanza kwa kumsomea amri. Alimsimulia habari za tajiri aliyemnyang'anya maskini mwanakondoo wake mmoja, na mfalme akaghadhibika kwa ajili ya kondoo ambaye hakuwahi kuwapo, kabla hajaambiwa kwamba tajiri huyo ni yeye. Kisa hicho nilikijua ulipokuwa na miaka kumi na mitatu. Nilikuwa hata nimekifundisha.

Nisamehe, mwanangu. Nilikunyang'anya nikidhani ninakulinda, na sikukuuliza hata mara moja ulichokuwa ukisoma kilihusu nini.

Riwaya yako nimeanza kuisoma mwezi uliopita, polepole kwa makusudi. Juzi usiku nikafika pale ulipokunja ukurasa. Ni katikati ya sura. Mtu amesimama mlangoni na bado hajabisha hodi. Nimeishia hapo ulipoishia, na ukurasa sijaukunjua. Ukija, utasoma wewe, nami nitasikiliza.

Baba yako